Shida ya Jirani Si Bidhaa

Katika Amri Kumi za Mungu ipo moja ambayo wengi huidhani nyepesi, nayo ni amri ya saba. Mtu husema moyoni mwake: Mimi sijavunja nyumba ya mtu, sijaiba ng'ombe, sijatia mkono katika mfuko wa mwenzangu, basi amri hiyo nimeishika. Lakini wizi una milango mingi, na mmojawapo ni mlango wa duka. Leo nataka tuulizane swali ambalo watu wa milima yetu ya Kivu ya Kusini wameulizana mara nyingi, wengine kwa hasira, wengine kwa machozi: Chumvi ikiadimika Minembwe, mwenye duka ana haki ya kuiuza kwa bei gani? Je, bei yoyote ambayo mnunuzi anakubali kuitoa ni bei ya haki?

Swali hili si la wanafunzi wa seminari peke yao. Mama asiye na chumvi ya kutia katika maharage ya watoto wake analijua vizuri kuliko mwalimu wa teolojia.

Kwanza tutazame mahali penyewe. Minembwe iko juu, katika nyanda za milima ya Fizi, zaidi ya mita 2000 kutoka usawa wa bahari. Chini, upande wa mashariki, limelala Ziwa Tanganyika, na maji yake yako kwenye mita 770 hivi. Kwa hiyo gunia litokalo Baraka, pwani ya ziwa, halina budi kupandishwa zaidi ya mita 1000 kabla ya kufika dukani. Njia ni mbaya. Mvua ikinyesha, gari hukwama matopeni. Ndiyo maana vitu vingi hupanda kwa pikipiki, au kichwani na mgongoni mwa watu. Kiwanja kidogo cha ndege kipo, lakini ndege si chombo cha kubebea gunia la maskini.

Mlima una vyake, na ziwa lina vyake. Mlima hutoa ng'ombe, maziwa, jibini, maharage, mahindi na viazi. Nchi ya chini hutoa chumvi, dagaa, mafuta ya mawese, unga wa muhogo, sabuni na vitenge. Wala biashara ya namna hii si ya jana. Tangu zamani za mababu chumvi ya chemchemi za Uvinza, ng'ambo ya ziwa, ilichukuliwa mbali sana na kuvuka maji. Na katika soko la Ujiji watu walihesabu bei kwa shanga zilizoitwa sofi. Mwenyezi Mungu hakuweka vitu vyote mahali pamoja. Aliwapa hawa chumvi na wale maziwa, ili kila mmoja awe na sababu ya kubisha hodi kwa mwenzake. Basi duka la mlimani, hata likiwa dogo, la mbao na mabati, ni mahali ambapo ziwa na mlima hupeana mkono.

Pili, tumtendee haki mwenye duka. Wako Wakristu wanaodhani kwamba mtu akiuza ghali kuliko alivyonunua, tayari ametenda dhambi. Si hivyo. Mtakatifu Bernardino wa Siena, Mfransisko aliyezaliwa mwaka 1380 na kufa mwaka 1444, alihubiri sana juu ya wafanya biashara. Aliwakemea wadanganyifu bila huruma, lakini pia alifundisha kwamba mfanya biashara mwema anawatumikia watu: anachukua vitu kutoka mahali vilipo vingi na kuvileta mahali vinapokosekana, anavihifadhi visiharibike, anavigawa kidogo kidogo ili hata mnyonge aweze kununua. Kwa bidii yake, kwa taabu yake na kwa hatari anayojitia, anastahili ujira.

Tupige hesabu ya mfano tu. Tuseme mtu amenunua gunia la chumvi Baraka kwa faranga 100. Wachukuzi wamemwomba 60. Chumvi iliyolowa mvua njiani ni hasara ya 10. Yeye mwenyewe amelala porini, ameacha mke na watoto, amehatarisha roho yake, ajilipe 30. Akiuza gunia hilo kwa 200 huko juu, yaani mara mbili ya bei ya Baraka, hajamwibia mtu. Anayemwita mwizi ndiye anayetenda dhambi, dhambi ya kusingizia.

Tena kuna mzigo mwingine ambao mnunuzi hauoni: vizuizi vya njiani. Mwaka 2017 watafiti wa taasisi ya IPIS ya Ubelgiji walitoa hesabu ya vizuizi walivyovikuta katika Kivu zote mbili: 798, na katika hivyo 486 vilikuwa Kivu ya Kusini. Kila kamba iliyotandazwa njiani inataka chake, iwe imeshikwa na askari wa serikali, iwe imeshikwa na watu wa msituni. Mfanya biashara hulipa, kisha huliongeza lile deni juu ya chumvi, na mwisho wa yote anayelipa ni yule mama mwenye sufuria. Mtu wa kizuizi hakubeba gunia, hakununua chumvi, hakutengeneza hata hatua moja ya barabara. Anauza njia ambayo si yake. Huyo ndiye wa kwanza kuulizwa habari za amri ya saba, ingawa mara nyingi ndiye wa mwisho kwenda kuungama.

Sasa tuje kwenye fundo lenyewe. Tangu mwaka 2017 vita vimewasumbua sana watu wa milima hiyo. Vijiji vimechomwa, ng'ombe wengi mno wameporwa, na watu wamekimbilia kukaa pamoja karibu na Minembwe na mahali pengine. Mwaka 2025 vita vilipokuwa vikali zaidi, njia za kupandishia bidhaa zilizibwa, na chumvi, sabuni na dawa zikawa haba. Wakati kama huo mwenye duka ana gunia lile lile tulilolihesabu. Alilinunua kabla ya njia kufungwa. Limekaa ghalani, halikula wala halikunywa. Jana lilikuwa 200. Leo habari zimekuja kwamba njia imefungwa, naye anataka 800.

Tumwulize kwa upole: Ndugu, hizi 600 zimetoka wapi? Hazikutoka kwa mchukuzi, maana alikwisha lipwa. Hazikutoka kwenye mvua, wala kwenye kizuizi, wala kwenye usiku uliolala porini. Hayo yote yamo katika zile 200. Akisema kweli, atajibu: Zimetoka katika shida ya watu. Chumvi ni ile ile; kilichoongezeka ni njaa ya jirani.

Mtakatifu Thomas wa Akwino, aliyekufa mwaka 1274, alilitazama jambo hili katika kitabu chake kikubwa, Summa Theologiae. Anasema, tukieleza kwa maneno yetu, kwamba pengine kitu kimoja kinaweza kumfaa sana mnunuzi, na kumpa hasara muuzaji akiachana nacho. Hapo muuzaji ana ruhusa kudai zaidi, kwa sababu analipwa hasara yake mwenyewe. Kwa mfano, mtu ana kibaba cha mwisho cha chumvi ambacho watoto wake walikihitaji; akikiuza ghali kidogo, hana lawama. Lakini ikiwa muuzaji hapati hasara yoyote ya namna hiyo, na kitu kimekuwa cha thamani kwa sababu tu mnunuzi yumo katika shida, basi haruhusiwi kupandisha bei kwa ajili ya shida hiyo. Kwa nini? Kwa sababu shida ile si ya muuzaji. Ni ya mnunuzi. Na hakuna mtu awezaye kuuza kitu kisicho chake.

Ndugu wasomaji, tulishike neno hilo, maana ndilo kiini cha mambo yote niliyotaka kusema. Chumvi ni yako, uiuze. Taabu ya kuipandisha ni yako, uilipishe. Hatari uliyojitia ni yako, uihesabu. Lakini shida ya jirani yako si mali yako. Hukuinunua Baraka, hukuipandisha mlimani, wala hukuiweka ghalani. Ukiiuza, unamwuzia mtu kitu chake mwenyewe.

Najua watakaopinga, nao tuwasikilize, kwa kuwa sababu zao si za kipumbavu.

Wa kwanza atasema: Bei haifanywi na mtu, hufanywa na soko. Vitu vikiwa vichache, bei hupanda. Ndiyo tabia ya dunia. Huyu anaweza hata kujivunia wanachuoni wa Kanisa. Tuvuke bahari kidogo mpaka Hispania, nchi yenye milima kama yetu, ambako zamani bidhaa zilipita mlimani migongoni mwa nyumbu hadi kwenye masoko makubwa kama Medina del Campo. Mwaka 1544 mwanachuoni mmoja wa huko, Luis Saravia de la Calle, alitoa kitabu cha kuwafundisha wafanya biashara. Alishika kwamba bei ya haki hutokana na wingi au uhaba wa vitu, wa wauzaji na wa fedha, wala si gharama za mtu mmoja mmoja. Akatoa mfano wa mtumba wa kitani uliotoka Bretagne ya Ufaransa. Mmoja ameletwa kwa njia ya nchi kavu kwa gharama nyingi, na mwingine kwa njia ya bahari kwa gharama ndogo. Kwa nini, aliuliza, ule wa kwanza upewe bei kubwa kuliko wa pili?

Maneno hayo yana kweli ndani yake. Mtu aliyenunua vibaya kwa ujinga wake hawezi kuwalazimisha watu wote walipe ujinga huo. Lakini tuangalie: wanachuoni wa zamani waliposema bei ya soko ni ya haki, walitaja soko la wazi, lenye wauzaji wengi na wanunuzi wengi, pasipo udanganyifu, wala hila, wala mapatano ya siri. Waliwalaani wale waliokusanya bidhaa zote mikononi mwao ili wapange bei wapendavyo. Je, mahali palipozibwa kwa bunduki ni soko la wazi? Mnunuzi wa pale hana pa kwenda. Akikubali 800, kukubali kwake ni kama kukubali kwa mtu anayezama: atatoa chochote apewe kamba. Kumwambia mtu huyo kwamba amenunua kwa hiari yake ni kumdhihaki.

Wa pili atasema: Nikiuza kwa 200, nitapata wapi gunia lingine? Njia ikifunguliwa, Baraka nako bei itakuwa imepanda, na duka langu litakufa. Huyu ana haki ya kusikilizwa. Duka likifa, watu wote wa mlima watapata hasara. Basi ikiwa kweli anakusudia kununua tena, na kweli bei ya kununulia imepanda, aitie tofauti hiyo katika hesabu yake, si dhambi. Ahesabu tu gharama iliyo kweli, asihesabu kila uvumi uliopita njiani.

Wa tatu atasema: Nikiuza rahisi, mlanguzi atakuja, atanunua gunia zima, na kesho atawauzia watu kwa 800. Nami nitakuwa nimemtajirisha yeye bila kuwasaidia maskini. Hili nalo ni la kweli, lakini dawa yake si kuwa mlanguzi mwenyewe kabla yake. Dawa yake ni kuuza kwa kibaba, kila nyumba kwa kadiri ya midomo yake, wala kumpa mtu mmoja gunia zima.

Wa nne hatasema mengi. Atacheka na kutamka methali: Kufa kufaana. Namjibu: Methali hiyo inaeleza jinsi watu wanavyofanya, haifundishi jinsi wanavyopaswa kufanya. Fisi naye hufaidika na kifo, wala hatumwiti mwenye busara.

Katika Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, jambo hili limewekwa wazi chini ya amri ya saba. Kupandisha bei kwa kutumia ujinga au shida ya mwingine kumehesabiwa kuwa kinyume cha haki, hata pale ambapo sheria ya serikali haikatazi. Basi mtu asiseme: Hakuna polisi aliyenikamata. Dhamiri haingojei polisi.

Liko jambo la ujinga pia, maana shida na ujinga huenda pamoja. Mtakatifu Thomas alilifikiri shauri la mtu anayeleta ngano mahali penye njaa, naye anajua kwamba nyuma yake wanakuja wengine wenye ngano nyingi. Je, anapaswa kuwaambia watu? Thomas anajibu kwamba kwa haki tupu halazimishwi kusema, kwa kuwa mambo yajayo hayana hakika. Lakini akisema, au akipunguza bei, ametenda wema mkubwa zaidi. Angalieni jinsi mtakatifu huyu asivyotwisha watu mzigo usiobebeka. Ila kunyamaza ni kitu kimoja, na kusema uwongo ni kingine. Yule anayejua kwamba njia inafunguka, naye anapita sokoni akieneza habari kwamba imefungwa kabisa ili auze akiba yake, huyo ni mwongo na mwizi kwa pamoja. Ni ndugu wa yule aliyekibonyeza kitako cha kopo ili maharage yaonekane yamejaa.

Wala wanunuzi wasidhani kwamba nimewasahau. Sheria hii ina makali pande mbili. Mfugaji wa mlimani ambaye mtoto wake ni mgonjwa anamwuza ng'ombe upesi upesi. Au anakimbia vita, hawezi kwenda na wanyama wake wote. Mnunuzi anamwona macho yake, anajua kwamba hawezi kungoja, anamtolea robo ya bei na kusema: Usipotaka, basi. Huyo naye amenunua shida ya mtu, si ng'ombe. Mara nyingi ni yule yule anayelalamika kanisani kwamba wenye maduka hawana huruma.

Hata hivyo kuna bei iliyo mbaya kuliko 800, nayo ni ile isiyotajwa kabisa. Ni pale muuzaji anapomtazama mnunuzi usoni, anasikia lugha yake, na kusema: Kwako wewe hakuna chumvi. Katika nchi yetu Wabembe, Wanyamulenge, Wafuliiru, Wanyindu na wengine walikutana masokoni miaka mingi. Vita vimeyagawa masoko, hata mtu anaogopa kwenda soko la wenziwe, na wenziwe wanaogopa kuja kwake. Simlaumu anayeogopa risasi. Lakini mwenye kumnyima mtu chumvi kwa ajili ya kabila lake, amegeuza shida ya jirani kuwa silaha. Aliyeiuza shida amevunja haki. Anayeifanya silaha amevunja haki na upendo pia.

Katika habari ya Msamaria Mwema sisi humtaja kuhani, Mlawi na Msamaria, lakini tunamsahau mtu wa nne, mwenye nyumba ya wageni. Huyo alikuwa mfanya biashara. Msamaria alimpa dinari mbili, akamwahidi kumlipa zaidi atakaporudi. Wayahudi na Wasamaria walikuwa hawapatani, lakini mtu huyu alipokea fedha ya Msamaria, akamwamini kwa deni, akamtunza aliyejeruhiwa. Bwana wetu hakumlaumu kwa kupokea dinari mbili. Lakini tufikiri: usiku ule alikuwa na mgonjwa asiyeweza kwenda popote, na msafiri mwenye huruma na kifuko cha fedha. Angaliweza kutaja bei yoyote. Hatusikii kwamba alifanya hivyo.

Barabara ya kutoka Baraka kwenda Fizi ina mashahidi wake. Tarehe 28 Novemba 1964 Padre Luigi Carrara na Bruda Vittorio Faccin waliuawa Baraka. Siku hiyo hiyo Padre Giovanni Didoné na Padre Albert Joubert waliuawa Fizi. Watatu walikuwa Waitalia, wamisionari wa Ksaveri, na wa nne padre wa nchi hii. Tarehe 18 Agosti 2024 walitangazwa Wenyeheri huko Uvira. Walikuwa na nafasi ya kuhesabu hatari na kuondoka, wakabaki na watu wao. Watu wa mataifa mbalimbali walimwaga damu siku moja katika nchi moja. Nasi tuko tayari kuulizana kabila juu ya kibaba cha chumvi?

Nimalizie kwa mambo machache ya kufanya. Mwenye duka, kabla ya kutaja bei mpya, ajiulize: Nimeongeza nini tangu jana, taabu yangu au njaa yao? Mnunuzi wa ng'ombe ajiulize: Je, kama mtu huyu angalikuwa na nafasi ya kungoja, ningalimpa bei hii? Mwenye kizuizi ajiulize ni nani aliyempa njia aiuze. Na sisi wengine tusikae tukinung'unika tu. Jumuiya ya Wakristu yaweza kuchanga fedha wakati njia iko wazi, ikanunua magunia machache, ikayaweka, na kuyagawa kwa bei ya kununulia siku ya shida, ikianza na wajane, wagonjwa na wakimbizi, bila kuuliza mtu ametoka kijiji gani. Hapo mwenye duka mwema atapata msaada wa kuwa mwema, na mwenye tamaa ataona kwamba shida ya jirani haina soko tena.